Mlinganisho wa Kiingereza na Kiswahili cha Kivu: Uhakiki

1. Utangulizi

Katika mijadala kuhusu Kiswahili cha Kongo, ni nadra mazungumzo yakamalizika bila mtu kuleta mfano wa Kiingereza. Mfano huo hutumiwa na pande mbili zinazopingana. Upande wa kwanza husema kwamba Kiingereza kimeenea duniani kwa sababu kina usanifu mmoja unaoheshimiwa na wote. Kiswahili nacho kikitaka kuenea, sharti Wakongo waache kusema "batoto" na "bintu". Upande wa pili husema kwamba Kiingereza cha Marekani si cha Uingereza, wala cha Naijeria si cha Australia, na hakuna anayelalamika. Kwa hiyo kila nchi iachiwe Kiswahili chake.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki mlinganisho huo. Tutaonyesha kwamba pande zote mbili hazikukichunguza Kiingereza kwa makini, na kwamba kikichunguzwa vema kinatufundisha jambo la tatu ambalo halijasemwa vya kutosha.

Tuanze na kisa. Mwandishi wa makala haya alikulia Burungu, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako nyumbani husemwa Kihunde au Kinyarwanda, na sokoni na barabarani husemwa Kiswahili. Siku moja, katika darasa la shule ya msingi, aliandika daftarini: "Batoto banaendaka ku masomo." Mwalimu aliipiga sentensi nzima mstari mwekundu na kuisoma kwa sauti ili wenzake wacheke. Miaka michache baadaye, akiwa sekondari, aliandika neno la Kiingereza color bila herufi u. Mwalimu wa Kiingereza alisita kidogo, kisha akasema kwamba hiyo ni tahajia ya Wamarekani, akaiacha kama ilivyo. Mwanafunzi alikuwa yule yule. Inafaa tujiulize kwa nini Mmarekani, ambaye hajawahi kufika Burungu, alipewa katika darasa lile haki ambayo wazazi wa wanafunzi wenyewe hawakupewa.

2. Tofauti za Kiingereza na chanzo cha heshima yake

Kwamba Kiingereza hutofautiana kati ya nchi na nchi si jambo la kubishaniwa. Tukianza na matamshi, Wamarekani walio wengi huitamka r ya neno car, ilhali Mwingereza wa London haitamki. Wapo wanaodhani kwamba Mmarekani ndiye aliyeiongeza. Kweli ni kinyume chake: sauti hiyo ilikuwa ikitamkwa Uingereza wakati wahamiaji wa karne ya 17 walipovuka bahari, na ilikuja kupotea kusini mwa Uingereza baadaye, hasa katika karne ya 18. Waskoti na Wairishi wanaitamka hadi leo. Hali kadhalika umbo gotten, ambalo Mwingereza huliona kuwa la Kimarekani, ni umbo la kale ambalo Waingereza wengi waliliacha wenyewe.

Katika msamiati, neno corn kwa Mwingereza lina maana ya nafaka kwa jumla, na kwa Mmarekani ni mahindi. Tukija kwetu Afrika, tofauti zinaongezeka. Lugha nyingi za Kibantu zina irabu tano au saba, ilhali Kiingereza kina irabu nyingi zaidi ya hizo. Matokeo yake ni kwamba maneno hat, hut, heart na hurt, ambayo kwa Mwingereza ni manne tofauti, hukaribiana yote katika a kwa Wakenya na Watanzania wengi. Mnaijeria wa kusini naye hulitamka neno hut kwa irabu iliyo karibu na o. Hakuna uzembe hapo. Kila mmoja anaipokea lugha ngeni kwa sikio alilolelewa nalo.

Maana za maneno pia huhama. Mwingereza akisema sorry, kwa kawaida anakiri kosa lake mwenyewe. Mtu wa Afrika Mashariki humwambia neno hilo hata mtu aliyejikwaa peke yake, kwa sababu katika fikra zake amekwisha kusema "pole". Nchini Uganda, abiria humwomba mwenziwe asogee kwenye kiti kwa kumwambia extend. Matumizi ya namna hii ni mengi kiasi kwamba Bernard Sabiiti aliyakusanya katika kamusi ndogo ya Kiingereza cha Uganda, iliyochapishwa mwaka 2014 kwa jina la Uglish.

Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna anayelalamika. Mwanafunzi wa Kampala akiandika extend kwa maana hiyo katika mtihani atapoteza alama, lakini akichagua tahajia ya color ana nafasi ya kujitetea. Kisa chetu cha Burungu kinajirudia basi ndani ya Kiingereza chenyewe. Kinachoitofautisha color na extend si ukubwa wa tofauti, wala si idadi ya watu. Color ina kitabu nyuma yake. Noah Webster alitoa kitabu cha tahajia kwa shule za Marekani mwaka 1783, akatoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1806, na ile kubwa mwaka 1828. Kabla ya hapo Waingereza waliyaona maneno ya Wamarekani kuwa uharibifu wa lugha, na dharau hiyo haikwisha kwa siku moja. Lakini tangu siku hiyo mwalimu wa Marekani alikuwa na kitu cha kumwonyesha mzazi na mwanafunzi: ukurasa uliochapishwa.

3. Quirk na Kachru

Suala hili lilijadiliwa na wanaisimu wa Kiingereza wenyewe. Katika mkutano uliofanyika London mwaka 1984, ambao makala yake yalichapishwa mwaka 1985, Braj Kachru, mwanaisimu mzaliwa wa Kashmiri, alipendekeza tukitazame Kiingereza kwa duara tatu. Duara la ndani ni la nchi kama Uingereza, Marekani na Australia, ambako ndicho lugha ya kwanza ya walio wengi. Duara la nje ni la nchi zilizotawaliwa na Waingereza, kama vile India, Naijeria na Kenya, ambako kinatumika shuleni, mahakamani na serikalini. Duara linalopanuka ni la nchi ambako hufundishwa kama lugha ya kigeni. Kachru alidai kwamba nchi za duara la nje zina haki ya kujiwekea kanuni zao.

Randolph Quirk, mwanasarufi mashuhuri wa Kiingereza, alimpinga katika jarida la English Today mwaka 1990. Kwa maoni yake, mwanafunzi wa nchi hizo anastahili kufundishwa usanifu wa wazawa, kwa kuwa ndio utakaomfungulia milango. Kachru alimjibu katika jarida hilo hilo mwaka 1991.

Wengi wetu tuliosoma isimujamii tumezoea kumpa Kachru ushindi. Kwa maoni yetu, ushindi huo umetolewa haraka mno. Hofu ya Quirk si ya kupuuzwa: mtoto wa maskini akifundishwa lugha ya kijijini kwake peke yake, atakayeumia ni yeye, si mwalimu aliyeshangilia uhuru wa lugha. Na duara za Kachru zina kasoro yake. Zinafuata mipaka ya dola, ilhali lugha haifuati mipaka hiyo. Kongo, kwa mfano, inaangukia katika duara linalopanuka, kwa kuwa ilitawaliwa na Wabelgiji. Lakini Kiingereza anachokisikia mtu wa Goma au wa Masisi hakitoki kitabuni tu. Kinatoka kwa wafanyabiashara wa Uganda. Kinatoka Rwanda, ambako mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Kimetoka pia kwa askari wa Umoja wa Mataifa: Wahindi, Waafrika Kusini, Wamalawi. Mtu huyo amesikia Viingereza vitatu au vinne kabla ya kukisikia kile cha London.

4. Je, Kiswahili kinaingia katika duara hizo?

Wapo wanaopenda kuzihamishia duara hizo kwenye Kiswahili: pwani iwe duara la ndani, Tanzania bara, Kenya na Uganda ziwe duara la nje, na Kongo iachwe pembezoni. Mpangilio huo unapendeza machoni, lakini historia haiukubali.

Kwanza, katika Kiingereza wenye usanifu ni watu wa duara la ndani. Katika Kiswahili mambo yalikuwa vingine. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kimvita cha Mombasa, lugha yenye hazina kubwa ya ushairi, kikaachwa. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyoyahusisha maeneo manne yaliyokuwa chini ya Waingereza: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kwa hiyo wazawa wa Mombasa na Lamu walijikuta wakisahihishwa lugha ya mama zao. Usanifu wa Kiswahili ulizaliwa mezani, kwa uamuzi wa kiutawala, na wapwani wengi walikuwa nje ya mlango pamoja na watu wa Kongo.

Pili, Kongo haikukosekana katika Kamati hiyo kwa sababu Kiswahili kilikuwa hakijafika huko. Kilikuwa kimefika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, wakati wa akina Tippu Tip, na wasemaji wake, Wangwana, wakaiachia lugha jina la Kingwana. Kongo ilikosekana kwa sababu mtawala wake alikuwa mwingine. Na mwaka ule ule wa 1928, Kiunguja kilipokuwa kikichaguliwa Mombasa, wamisionari John Whitehead na L. F. Whitehead walikuwa wakichapisha sarufi yao ya Kingwana huko Wayika, kando ya mto Lualaba. Kazi mbili za kuiandika lugha moja zilifanyika mwaka mmoja. Ya Mombasa ilipata kamati, kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na baadaye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya Lualaba haikupata chombo cha kuiendeleza. Wamisionari wengine wa Kongo waliona afadhali kufundisha kile walichokiita "Kiswahili bora", wakakiachia Kingwana sifa ya kuwa lugha ya vibarua na askari.

Tatu, Kongo yenyewe haina Kiswahili kimoja. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho Edgar Polomé alikichunguza katika miaka ya 1960, kimelelewa na lugha za Kiluba na miji ya migodi. Kile cha Goma na Bukavu kimelelewa na Kihunde, Kinande, Mashi na Kinyarwanda. Kati ya Goma na Lubumbashi kuna zaidi ya kilomita 1,000. Wanaosema kila nchi iachiwe Kiswahili chake wangetuambia kwanza ni kipi kati ya hivi watakachokiita cha nchi. Tena, mtoto wa Burungu hukipata Kiswahili kama lugha ya pili, na mtoto wa Goma aghalabu hukipata kama lugha ya kwanza, ingawa safari kati yao haizidi siku moja barabara ikiwa salama. Duara gani litawaweka wote wawili?

5. Ushahidi wa sentensi moja

Turudi kwenye ile sentensi iliyopigwa mstari mwekundu: "Batoto banaendaka ku masomo." Tuichambue kama vile mwanaisimu angaliichambua sentensi ya Mmarekani.

Kiambishi ba- kinasimama mahali pa wa- ya Kiswahili Sanifu, kama vile bi- ya "bintu" inavyosimama mahali pa vi-. Wanaisimu wa Kibantu wanakubaliana kwamba maumbo ya kale ya ngeli hizo yalikuwa na b. Ni pwani iliyoiacha. Msomaji ataikumbuka r ya Mmarekani, na atashawishika kusema kwamba Kivu imehifadhi ukale ambao Unguja imeupoteza. Hapa ndipo tunapaswa kuwa waangalifu. Wamarekani waliondoka Uingereza wakiwa na r yao vinywani. Wangwana walitoka pwani karne kadhaa baada ya b hiyo kupotea. Kwa hiyo b ya Kivu haikuhifadhiwa. Ilirudishwa na Kihunde, Kinyarwanda na lugha jirani ambazo hazikuiacha kamwe. Mlinganisho wa Kiingereza unatufikisha hadi mlangoni, kisha unatuacha. Kilichotokea Kongo ni kwamba lugha ya Kibantu iliyokuwa imesafiri mbali ilirudi miongoni mwa ndugu zake, na ndugu wakaivika tena nguo za nyumbani. Kiingereza, karibu popote kilipokwenda Afrika, hakikukuta ndugu.

Kiambishi -ak- katika "banaendaka" kinaonyesha mazoea. Kiswahili Sanifu husema "huenda". Mwalimu wetu aliona kosa la Kikongo. Lakini mitaani Nairobi na magharibi mwa Kenya tunasikia "anasemanga", na mitaani Tanzania bara tunasikia "anasemaga", kwa maana ile ile ambayo Masisi husema "anasemaka". Maumbo haya yanafanana na kiambishi cha kale cha Kibantu -ag-, ambacho Kinyarwanda kinacho bado. Kwa maneno mengine, wasemaji wa nchi tatu, bila kamati na bila kushauriana, wamelijaza pengo moja kwa namna moja. Ikiwa hilo ni kosa, basi ni kosa la bara zima la Kiswahili.

Kihusishi ku katika "ku masomo" kinafanya kazi ambayo sanifu huifanya kwa -ni, kama katika "shuleni". Nalo neno "masomo" kwa maana ya shule ni la Kiswahili kabisa, kutokana na kusoma, ilhali "shule" tuliikopa kwa Wajerumani. Mwanafunzi aliandika neno la asili, akasahihishwa kwa neno la mkopo.

Hatusemi kwamba sentensi hiyo ni Kiswahili Sanifu. Si sanifu, na mwanafunzi alihitaji kuambiwa hivyo. Tunasema ina sarufi. Mwalimu aliyeweza kusema "hiyo ni ya Wamarekani" angaliweza pia kusema "hivyo ndivyo tunavyosema hapa, sasa tujifunze namna inavyoandikwa ili isomwe Dodoma na Mombasa". Hakusema, kwa kuwa hakuwa na ukurasa wa kumwonyesha mtu yeyote.

6. Umuhimu wa suala hili kwa sasa

Tunaweza kuulizwa kama haya yana uzito mbele ya taabu za Masisi. Vita vya miaka hii vimewatoa watu wa Kitchanga, Burungu na vijiji vingi makwao, na wengine wamevuka mipaka. Wakongo walioko katika kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania, au Nakivale nchini Uganda, hukutana na Kiswahili cha wenyeji kila wanapoandikishwa, wanapotibiwa na wanapompeleka mtoto shule. Mtu anayeeleza yaliyompata, msikilizaji akamdhania hajui kusema, anaweza kuhesabiwa kuwa ametatanisha maelezo yake. Hapo suala la lahaja limetoka darasani.

Aidha, Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na kuitaka dola izikuze bila ubaguzi. Mwaka 2019 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, na tarehe 8 Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wasemaji wengi wa Kiswahili wameingia katika Jumuiya hiyo kwa pamoja. Wataingia kama wenye lugha au kama wageni wa kusahihishwa?

Mwaka huo huo wa 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliongeza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, likiwemo "nyama choma". Tulifurahi, na tulikuwa na haki. Lakini tazama ajabu yake: neno la Nairobi limepata nafasi katika kamusi ya Waingereza, na "masomo" ya Burungu, kwa maana ya shule, bado yanangoja katika kamusi za Kiswahili.

Kazi ya kukieleza Kiswahili cha Kivu imekwisha kuanza. Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walichapisha maelezo ya sarufi pamoja na matini mwaka 2016. Kazi hiyo ni nzuri, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Burungu akitaka kusoma sarufi ya Kiswahili anachokisema sokoni, hana budi kujifunza kwanza Kiingereza. Lawama hapo si ya waandishi hao. Ni yetu sisi tunaofundisha.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba wanaotaka usanifu mmoja kwa mfano wa Kiingereza wamekosea, kwa kuwa Kiingereza kina sanifu zaidi ya moja. Wanaotaka kila nchi iachiwe lugha yake nao wamekosea, kwa kuwa Kiingereza kisichoandikwa hakiachwi kwa amani hata huko kwao. Mmarekani alipata heshima baada ya kuandika kitabu cha shule na kamusi. Hilo ndilo jambo la tatu tulilolidokeza mwanzoni.

Makala haya yameandikwa kwa Kiswahili Sanifu, na hatuoni haya. Sanifu ni mali yetu pia. Ndiyo inayotuwezesha kusomwa na Zanzibar. Tunapendekeza mambo mawili yanayowezekana hata pasipo fedha nyingi. Kwanza, kila mwanafunzi wa shahada ya lugha katika vyuo vya Kivu akusanye na kuandika maneno mia moja ya mahali alikotoka, kwa maana zake na sentensi za mfano, yaelezwe kwa Kiswahili na kuhifadhiwa idarani. Darasa la wanafunzi thelathini litatupa kila mwaka maneno elfu tatu ya kuchujwa, na katika miaka mitano tutakuwa na mwanzo wa kamusi. Pili, walimu wa shule za msingi wafunzwe kutumia alama mbili katika daftari: moja ya kosa, na nyingine ya umbo la nyumbani lisilo sanifu. Daftari lile la Burungu lilistahili alama ya pili.